Nyota Niliyoisafisha

Masisi, tarehe 9 Juni 2022

Mpendwa Shangazi Joséphine-Marie,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako yote huko Hombo. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia bado unapanda lori mwenyewe kufuata mawese. Tafadhali, waachie vijana mizigo hiyo. Sisi huku tu wazima. Maharage yanakauka vizuri, ng'ombe wa baba mkwe wanatoa maziwa, nami nimenenepa kidogo, jambo linalomfurahisha sana mama mkwe.

Uliniomba nikuandikie maisha ya ndoa yalivyo. Nisamehe nikijisifu: nina furaha mpaka naona haya. Luc akikohoa tu uani, moyo wangu unajua ni yeye. Akinywa chai, huacha funda moja chini ya kikombe, na funda hilo ni langu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumkosa mwenzake aliye chumba cha pili.

Unajua desturi ya ukweni kwangu: bibi-arusi hukaa ndani, hashiki jembe wala ufagio, mpaka ndugu zake waje na zawadi kumtoa nje rasmi. Kwa ajili ya hali ya njia, ndugu zetu walichelewa, na siku zangu za ndani zikawa wiki tano. Mikono iliniwasha kwa kukosa kazi. Ndipo Luc akanivutia kiti mbele ya kompyuta yake.

Sikumbuki kama nilikueleza masomo yake. Profesa wake wa Bukavu, Prof Émile, alimpa mwanga wa nyota kumi na moja, uliopigwa picha na darubini kubwa iliyo ng'ambo ya bahari. Mwanga wa kila nyota hutandazwa kwa rangi zake, kama upinde wa mvua, kisha programu huugeuza kuwa mstari unaopanda na kushuka. Mstari huo wanauita spektra.

Shida ni kwamba darubini haizioni rangi zote sawasawa. Kwa hiyo wanapiga pia picha ya nyota ya kipimo, ambayo mwanga wake halisi umekwisha kujulikana. Unalinganisha ulichokiona na kile kinachojulikana, unapata kasoro ya darubini, halafu unazisahihisha nyota nyingine zote kwa kasoro hiyo. Wewe unayejaribu mizani ya watu kwa jiwe lako la kilo kabla ya kununua, nadhani umenielewa kuliko mimi nilivyomwelewa Luc siku ya kwanza.

Kazi ilitakiwa kufika kwa Prof Jumamosi ya tarehe 28 Mei. Ikiwa nzuri, angempokea Luc aendelee na masomo chini yake. Ikiwa mbaya, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Luc ameingoja nafasi hiyo miaka minne, akifundisha fizikia katika shule isiyo na hata taa ya majaribio.

Mimi alinipa kazi ya kuondoa miiba. Ni vistari vyembamba vinavyochomoza ghafla, wala si vya nyota. Ni chembe za angani zilizogonga mashine. Unaweka alama huku na huku, mwiba unafutika. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi! Mama mkwe alichungulia mlangoni akacheka: « Weye mukamwana, ufagio tumekukataza, sasa unafagia mpaka nyota? »

Siku moja Luc akiwa shuleni, nikaimaliza miiba yote. Nikatazama nyota ya kipimo, nikaona mstari wake una mabonde mapana, sita au saba. Nikadhani ni uchafu pia. Nikayajaza moja baada ya jingine mpaka mstari ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi, nikahifadhi. Sikumwambia Luc. Nilitaka aone mwenyewe kwamba ameoa mtu wa kazi.

Luc akaendelea na hatua zilizobaki, na nyota zote zikatoka na mabonde. Hata ile moja nyekundu, ya baridi kuliko nyingine, ambayo hakika haikupaswa kuwa nayo. Akarudia hesabu mara tatu. Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, alishika kichwa kwa mikono yote miwili. « Nicole, data ya ule usiku iko mbovu. Nitaandikia Prof kama nimeshindwa. »

Nikasogea kutazama. Mabonde yale yalikuwa palepale nilipoyafukia kwenye nyota ya kipimo. Nilichokiziba kwa moja kilikuwa kimefunguka kwa zote.

Hapo, Shangazi, nilikukumbuka. Kwenye simu, kabla ya harusi, uliniambia kosa dogo la mke alizike mwenyewe, asilitie kwenye sahani ya mume. Nikawaza: nikinyamaza, Luc atailaumu darubini, na mimi nitabaki mke asiye na doa. Atashindwa, naye ataendelea kunipenda vilevile. Hilo ndilo lililoniogopesha. Ningeishi nikimwona akimpenda mwanamke ambaye si mimi.

« Si usiku njo mbovu, » nikasema. « Ni mimi. Nilijaza mabonde. »

« Mabonde gani? »

« Ya nyota ya kipimo. Niliona ni uchafu. »

Alitoka akaenda kusimama kwenye boma la ng'ombe, na mimi, kwa desturi, sikuweza kumfuata. Sijawahi kuuona mlango ukiwa mpana hivyo na usiopitika. Aliporudi aliketi kando yangu bila kunitazama.

« Ile haiko uchafu, cheri. Njo nyota yenyewe. Hidrojeni yake inakula mwanga pale. » Kisha akageuka ghafla: « Uliandika juu ya faili ya kwanza? »

« Hapana! Si ulinikatazaka kugusa ya kwanza? Nilijaza ku nakala tu. »

Luc alilala chini sakafuni, akacheka mpaka machozi, nami nikalia nikisingizia machozi hayohayo ya kicheko.

Ijumaa tulianza upya. Ukungu ulifunika kilima mpaka saa sita mchana, na bamba la jua likatoa umeme kidogo tu. Mama mkwe alizima simu yake, baba mkwe akaacha redio, kompyuta ipate kula peke yake. Ile nyota nyekundu ilipotoka bila mabonde, Luc alinibusu mbele ya wazazi wake, na baba mkwe akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kuangalia.

Jumamosi Luc akapanda pikipiki mpaka kwenye mtandao, akatuma kila kitu. Kosa letu pia aliliandika katika ripoti, lote, bila kulipunguza. Nilimsihi aliache. Alikataa.

Jumatatu Prof alipiga simu. Luc akaiweka sauti ya nje, nisikie.

« Luc, kosa kama hii wanafunzi wangu wananifichaka. Nani alilivumbua? »

« Ule mwenye alilifanya, Prof. Ni bibi yangu. »

Nikamsikia Prof akifunua karatasi.

« Basi mwezi wa tisa ukuje naye. Niko na kazi ya watu wawili. »

Njia ikiruhusu tutapitia Walikale na kulala kwako, nipate kukukumbatia na kukuomba radhi uso kwa uso kwa ushauri wako niliouacha. Nisalimie Baba Hakorimana, Epiphanie na mdogo wake Tumukunde. Mama mkwe Nyiransengimana anakutumia jibini hii kwa mkono wa mleta barua. Akisema njiani imepungua, usimwamini.

Mungu anayeziita nyota zote kwa majina akuite nawe kila asubuhi ukiwa na nguvu.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Nicole Umurerwa, mke wa Luc Nzabandora