Jicho Lililoingia Ukungu

Jumatano, baada ya alasiri

Kwa swahiba yangu Daktari,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini barua hii inawakuta nyote na afya, na kwamba kile kikohozi kilichomsumbua shemeji mlipokuwa mnahama kimekwisha kabisa. Na yule binti mdogo, hajambo? Nikihesabu vizuri, sasa ana miezi minane. Bila shaka anatambaa na kuvuta kila kitambaa cha meza anachokifikia. Huku kwangu wote wazima. Mimi mwenyewe mzima wa mwili, ila mke wangu anasema siku hizi nakula kama mtu anayetafuna karatasi. Sababu nitakueleza humu humu.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Mara nne nimekupigia, nikasikia sauti yako ikisema, "Haloo, Mrefu," nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwenye simu mimi ni mwoga. Kwenye karatasi angalau hunioni uso.

Habari za karakana si mbaya. Bosi bado anakunywa chai amesimama, na bado anafoka kwanza, anauliza baadaye. Mama wa mapokezi amebadilisha miwani, kwa hiyo wateja sasa wanaitwa kwa majina yao halisi. Meza yako iko pale pale dirishani, hajapewa mtu. Tunarundika juu yake pasi zilizoungua, na kila nikiweka moja najiona kama mtu anayetupa takataka mlangoni pa jirani.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja yule muuguzi mstaafu. Huwezi kuwa umemsahau. Alikuwa amebeba roboti ile ile ya kufagia, nyeupe, ya mviringo kama sinia, imefungwa kwenye shuka. Alisema tangu mumewe aanguke aliisukumia chini ya kitanda na kuapa haitatoka. Lakini magoti yake hayamruhusu tena kuinama na ufagio, na mumewe mwenyewe kamwambia kwamba chuma hakiwekewi kinyongo. Akaomba safari hii itengenezwe na mtu atakayeikagua mpaka mwisho. Bosi akanisukumia mimi.

Uniwie radhi nikikueleza hatua kwa hatua. Wewe ni fundi, hukubandikwa jina la Daktari bure, utanielewa. Niliichaji, nikaiweka sakafuni. Ikaenda kidogo, ikaanza kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ikagonga mguu wa kiti, ikarudi nyuma, ikagonga tena pale pale. Halafu ikatangaza, kwa ile sauti yake ya kike yenye adabu, kwamba haijui iko wapi. Mama wa mapokezi alicheka, akasema hata mume wake akitoka kwenye pombe hukiri hivyo hivyo. Mimi sikuweza kucheka.

Nikatoa magurudumu, nikakuta nywele na nyuzi za cherehani. Nikasafisha, haikubadilika kitu. Nikabonyeza bampa la mbele kushoto na kulia, likarudi vizuri. Nikafuta ramani yote ya nyumba iliyokuwa kwenye kumbukumbu yake, ili ijifunze upya. Wapi! Nikapima nyaya za lile jicho, sensa inayozunguka ndani ya kikombe mgongoni na kupima umbali wa kuta kwa mwanga. Umeme unafika. Nikakagua mahali ulipounga nyaya kwa risasi ya kuchomea wewe. Swahiba, palikuwa safi, kila tone linang'aa kama ushanga. Nikapima tena, na tena. Nilikuwa nazunguka kama hiyo roboti yenyewe, maana nilijua ugonjwa uko wapi tangu muuguzi alipofungua shuka, na sikutaka kufika huko.

Siku mbili nilimwambia bosi kwamba naendelea nayo. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikachukua tochi, nikamulika kioo cha jicho. Kile si kioo, unajua, ni plastiki nyembamba. Kilikuwa na ukungu. Vumbi lingefutika, huu ulikuwa ukungu wa plastiki iliyounguzwa na dawa, na ndani yake ilionekana mikwaruzo ya duara, kama anavyofuta mtu kwa kidole kilichovishwa kitambaa.

Kidole kile kilikuwa changu.

Rudi nami siku ile. Shemeji alishikwa na uchungu, ukapigiwa simu saa tisa mchana. Uliniambia jicho jipya umeshalifunga, imebaki kufuta kioo na kuiacha itembee sakafuni nusu saa kabla haijakabidhiwa. Ukanisisitizia: kitambaa kikavu tu, kingine chochote usithubutu. Ukatoka mbio, kamba za kiatu kimoja zinaburuta. Nami nikakuta alama ya gundi kwenye kioo, inagoma kutoka. Saa kumi na moja kulikuwa na mpira, na nilikuwa nimeahidiana na watu. Chupa ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikachovya, nikafuta, gundi ikatoka. Nikaiweka roboti chini, ikagonga stuli, ikazunguka mara mbili. Niliiona, swahiba. Nisikudanganye tena kwamba sikuiona. Nilijiambia karakana imejaa vikorokoro, nyumbani kwa watu itanyooka. Nusu saa yako niliifanya dakika tatu. Nikatia alama ya kujaribiwa kwenye kadi, chini ya jina lako, nikaenda kwenye mpira.

Yaliyofuata unayajua. Roboti ilipita pale ilipopaswa kukwepa, ikaikumba fimbo ya mzee, naye akaanguka akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa fundi cherehani. Bosi alipokuwa anafoka, ulinivuta kando, karibu na kabati la vipuri, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama niliijaribu. Nikakujibu, "Niliijaribu, ilikwenda vizuri tu." Hukuniuliza mara ya pili. Uliniamini, ukarudi mbele ya wote ukasema kadi ina jina lako na kazi ni yako. Mimi nikainamia skrubu moja, nikaifunga na kuifungua, kuifunga na kuifungua, mpaka ulipomaliza kukusanya vitu vyako. Ulipokuwa unaaga ulisema huenda mikono yako imezeeka kabla yako mwenyewe. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shemeji alimwambia mke wangu kwamba sasa unapakia magodoro kiwandani, na kwamba hata redio ya jirani ukiombwa uitazame unakataa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwako, ninakula.

Ijumaa nilimwambia bosi, mama wa mapokezi akiwa anasikia. Nilijiandaa kwa kelele, lakini kwa mara ya kwanza hakuzipiga. Alivuta kiti akaketi, akaniuliza kama wewe ulijua. Nikamwambia hukujua. Akasema nibadilishe kioo, niijaribu roboti siku nzima, niipeleke mwenyewe kwa wenye nyumba na nikayaseme haya kwa mdomo wangu. Baada ya hapo nisionekane karakana mpaka aniite. Sina la kulalamika.

Jana nilikwenda. Mzee alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, mkono umepona ila kifundo kimepinda kidogo. Niliiwasha roboti, ikapita kando ya fimbo kwa adabu zote, ikazunguka miguu ya meza, ikaingia chumbani. Mzee akaniambia ahsante. Ndipo nikamweleza, nimesimama, kwa kuwa nilikataa kukaa. Nilitegemea matusi. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo yule mwenzako hakuwa na kosa lolote?" Nikasema hakuwa nalo. Akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa.

Muuguzi ndiye aliyenieleza yale ambayo hukuwahi kunieleza. Kwamba kabla hamjahama, miezi miwili mizima, kila Ijumaa ulikwenda pale, ukamtungia mzee uzi kwenye sindano na kumkatia vitambaa kwa kufuata chaki yake, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Kwamba alikwambia mara nyingi amekusamehe, na wewe ukajibu kila mara, "Bado, mzee." Ijumaa hizo, swahiba, mimi nilikuwa nawahi nyumbani, nanyoosha miguu.

Nikaanza kumwomba mzee radhi. Akanikatiza. Akasema, "Mimi nilikwisha kupona, kijana. Uliyemvunja yuko kwingine." Akavaa miwani yake, akaendelea kushona. Nikatoka.

Sikuandikii ili unisamehe. Hilo lina wakati wake, au halina. Naandika ujue jambo moja, hata kama barua hii utaichana baada ya hapo: mikono yako haikukosea. Kazi yako nimeifungua na kuitazama kwa macho yangu, na sijaona fundi wa kuifanya vile. Bosi anataka kukupigia simu urudi. Nimemsihi asubiri siku tatu, kwa sababu uongo ulitoka kwangu, na kweli nayo itoke kwangu kwanza.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja huko. Nikikuta mlango umefungwa, nitageuza na basi la mchana, na sitamwambia mtu kwamba umenikosea.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja, na yule mdogo umshike shavu kwa niaba yangu. Shemeji msalimie sana. Lakini msomee barua hii yote kabla ya Jumamosi, tafadhali, asije akanipa kiti bila kujua anampa nani.

Ni mimi, niliyekuwa jirani yako wa meza,

Mrefu