Baba Amelazwa Katika Nchi ya Ahadi

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana aliyetulinda mpaka saa hii. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kubeba mizigo ghalani, umepona au bado unajifunga mkanda? Ulisema baridi imeanza. Vaa soksi mbili, usijifanye kijana, umeshaota mvi.

Sisi tu wazima, ule uzima wa watu waliofiwa. Mama anakula kidogo na kulala kidogo. Miguu yake imevimba tena, na kutoka kitandani hadi mlangoni sasa anashika ukuta. Mimi ningali na cherehani yangu pale kibarazani kwa muuza vitambaa. Ni msimu wa sare za shule, nashona kaptura mpaka naziota.

Nimekupigia simu mara mbili nikakata kabla hujapokea. Usinikasirikie. Mambo niliyo nayo hayasemeki kwa simu. Nikisikia sauti yako nitalia, nawe utasema nyamaza dada, na salio litakwisha tukiwa hapo hapo. Kwenye karatasi mtu anaweza kulia kisha akaendelea.

Najua hukuweza kuja kumzika baba. Ukitoka huko bila vibali hurudi, na watoto wanakutazama wewe. Hakuna anayekulaumu. Ila kwa kuwa hukuwepo, kuna uliyosimuliwa na kuna uliyofichwa, nami nataka uyajue yote kabla sijakuuliza neno moja.

Sehemu hii wasomee watoto, maana babu yao walimjua kwa picha tu. Waambie alikuwa seremala ambaye hakupiga msumari hata mmoja ndani ya nyumba yake mwenyewe. Maji ya bwawa yalipofunika kijiji chetu cha zamani, mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni na wewe hujazaliwa, serikali ilituleta hapa kwa malori. Ikasema tujihifadhi kidogo tu, nchi yetu inapimwa ng'ambo ya vilima. Baba akaamini. Kila alichotuundia, vitanda, meza, kabati, hata milango, alikiunga kwa kabari bila gundi, ili siku ya kuhama tukigonge kidogo kifunguke, kipakiwe. Unakumbuka tulivyokuwa tukiruka kitandani kikafunguka chote tukajikuta sakafuni? Mama alitucharaza, na baba akacheka, akasema afadhali, sasa tunajua kinafunguka haraka.

Majirani walimwita Mzee Kesho Asubuhi. Akipita sokoni walimtania, "Mzee Kesho, hujahama tu?" Naye hujibu, "Leo nimeachwa na gari." Hakupiga lipu ukutani. Mama alipotaka kupanda mchungwa uani, alimwuliza unampandia nani. Kila uchaguzi akija mheshimiwa na ramani, baba alikuwa mstari wa mbele. Akaja wa kwanza akatuonyesha nchi yetu kwenye ramani, akaja wa pili akatuonyesha kwenye ramani kubwa zaidi.

Kanisani nako mhubiri alipotusimulia habari za yule kiongozi wa zamani, aliyewatoa watu wake utumwani na kuonyeshwa nchi kutoka mlimani, kisha akafa bila kuingia, baba alikuwa na jibu lake njiani tukirudi. Alisema yule aliponzwa na hasira. "Mimi mpole," anasema, "mimi nitaingia." Basi tukacheka. Nisingecheka kama ningejua.

Mwaka jana mvua zilipokatika, mheshimiwa alikodi basi akawapeleka wazee kuiona ile nchi kwa macho. Baba alivaa suti yake ya ibada, na mfukoni akatia futi yake ya kazi. Alisema anakwenda kupima mahali pa mlango. Mama alimfungia chakula kama mtoto anayekwenda bweni.

Alirudi usiku wa pili, akapita hadi kitandani bila salamu. Siku nyingi alishinda kitandani. Mama alidhani ni mafua. Halafu mchana mmoja akaja kibarazani kwangu, akaketi kwenye kile kigoda cha wateja, akawa anaokota vipande vya nyuzi na kuvisokota. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani, maana unamjua baba, ukimtazama ananyamaza.

Aliniambia kule kuna watu. Si wawili watatu, ni watu, na nyumba zao, na shule yenye kengele, na mahindi yaliyomzidi kimo. Wenzake walibaki kwenye basi wakimsikiliza mheshimiwa, yeye akashuka na futi yake. Mama mmoja mjane alitoka nyumbani kwake, akamwona na ile futi, akamwuliza, "Mzee, mmekuja kutupima tena?" Akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Wakazungumza. Kumbe na wao waliletwa na malori, kutoka upande mwingine kabisa, kwa sababu nyingine kabisa, wakaambiwa hii ndiyo nchi mliyoahidiwa, limeni. Wakalima. Yule mama akamwonyesha kaburi la mumewe pembeni ya mahindi, limezungushiwa mawe na kufagiliwa.

Baba alisema alirudisha futi mfukoni kama mwizi anayeficha kisu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ile nchi ina wenyewe." Hapo ndipo niliposimamisha cherehani. Mdogo wangu, sijawahi kumwona baba analia, na hata siku ile hakulia, ila midomo ilimtetemeka kama ya mtu anayetafuna kitu kigumu.

Kesho yake alinunua gundi. Alifungua kila kitu mle ndani na kukiunga upya, kitanda baada ya kitanda, akapiga na misumari juu yake. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Baba wee, yaani umri huu ndipo unanioa?" Wakacheka wote wawili hadi mama akakaa chini. Kisha akalia. Ndipo baba akamwambia mbele yangu kwamba akifa azikwe hapa, nyuma ya kanisa, chini ya ule ukuta wenye kivuli, mahali ambapo mama ataweza kumfikia kwa miguu yake hii. Alisema hivyo hivyo, kwa miguu yake hii. Nilisikia kwa masikio yangu na Mungu alisikia.

Baba mdogo alipoambiwa, walikosana. Naomba usimwone baba mdogo kuwa ni mtu mbaya. Yeye na baba walimwacha mama yao chini ya yale maji, kaburi lake halionekani mpaka leo, na tangu hapo baba mdogo hajapata mahali pa kuweka uchungu wake. Uenyekiti wa Kamati ya Waliohamishwa ndio uliomlea. Alimwambia baba, "Kaka, umekunywa kikombe kimoja cha maji ukatuuza wote." Hawakusemezana tena hadi baba alipougua, na ugonjwa wenyewe, kama unavyojua, haukutupa nafasi.

Sasa nakuja kwenye mazishi.

Nilikuwa nimeshazungumza na mchungaji, na vijana wa kanisa walikuwa wameanza kuchimba pale ukutani. Tukiwa tumeketi na waombolezaji, baba mdogo alisimama akainua simu yake juu watu waione. Akasema amezungumza na mtoto mkubwa wa kiume, aliye mbali, naye ametoa neno kwamba baba yake azikwe katika nchi ya ahadi, awe wa kwanza kulala kule. Watu walipiga vigelegele katikati ya kilio. Wakaimba. Mheshimiwa alikuwa ameshatuma magari.

Nilisimama nikasema baba aliacha neno jingine. Nimezaliwa wa kwanza katika nyumba ile, nimemwogesha baba siku zake za mwisho, lakini mzee mmoja wa Kamati alinishika bega kwa upole, akasema, "Keti, mama. Mwenye neno ameshasema." Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama na kanga imemfunika uso. Nikaketi. Lile shimo la ukutani vijana walilifukia bila mtu.

Mama hakwenda kuzika. Daktari alimkataza kupanda gari mwendo wa siku nzima na ile miguu. Alimgusa baba kwenye jeneza, akamwambia safari njema, basi.

Kule tulifika jua linaelekea kuzama. Kaburi lilikuwa limechimbwa ndani ya mahindi ya yule mjane, askari wamesimama pembeni. Mahindi yamekatwa yakiwa mabichi, yamelala. Watu wake walikaa mbali wakitutazama. Jeneza liliposhushwa, yule mama akasogea akaiona picha ya baba niliyoishika. Akasema, "Huyu mzee namfahamu. Nilimpa maji." Vijana wa Kamati wakamwambia aondoke. Hakuondoka. Alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini karibu na mimi, tukalia pamoja. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono, akasema, "Mzee wenu sitamsumbua. Hana kosa." Mdogo wangu, maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenitukana.

Wakati baba mdogo anamwaga udongo nilimsikia akisema karatasi zinachanwa, kaburi halichanwi. Nikaelewa. Siku ya pili, baada ya sisi kuondoka, watu wa Kamati walianza kupima kutoka pale kaburini, wakapigilia vigingi kushoto na kulia. Baba aliyeficha futi yake kwa aibu ndiye sasa wanayemtumia kupimia. Mwezi ujao mheshimiwa atahutubia pale pale, na inasemekana baada ya hapo yule mjane na wenzake watapewa siku za kuondoka. Watapakiwa kwenye malori, kama sisi.

Nimelia kanisani mpaka watu wamezoea. Nimemwuliza Bwana, ahadi gani hii ambayo mtu haingii mpaka mwingine atolewe? Mimi si msomi wa mambo hayo. Mchungaji naye alikaa nami kwenye benchi mpaka taa zikazimwa, nikamshukuru kwa hilo.

Asubuhi mama huuliza kama leo kuna gari. Juzi namchua miguu akaniambia, "Nilihama naye kila mahali. Kule wamemhamisha bila mimi." Nikamwambia tutakwenda ukipata nafuu. Akanitazama vile anavyomtazama mtoto anayedanganya, akavuta shuka.

Sasa neno lenyewe. Mdogo wangu, ulisema? Baba mdogo alikupigia kweli, ukamwambia baba azikwe kule?

Labda alikupigia ukiwa kazini, kelele za mashine, ukaitikia ndiyo ndiyo kama tunavyoitikia wakubwa. Labda alikuambia ni usia wa baba mwenyewe. Labda na wewe uliamini, maana uliondoka hapa baba angali Mzee Kesho Asubuhi, hukumwona akinunua gundi. Au labda hakukupigia kabisa, na ile simu aliyoinua ilikuwa simu tu. Kila usiku najibu moja, asubuhi najibu jingine.

Mchungaji amesema ukiandika kwa mkono wako kwamba hukusema, au kwamba ulisema bila kujua, yeye na wazee wa kanisa watasimama nasi tuombe kibali cha kumrudisha baba hapa. Baba akitoka kule, hawatakuwa na mahali pa kuanzia kupima. Ila lazima iwe kabla ya ule mkutano. Baada ya mkutano hakuna atakayethubutu kumgusa.

Na kama ulisema ukijua, niambie pia ulisema. Sitakutupa, wewe ni damu yangu. Ila nitaacha kumchukia baba mdogo bure, na hilo pekee litanipunguzia mzigo, maana siku hizi nikishika mkate wa meza ya Bwana mkono unakuwa mzito.

Mama hajui kama nakuandikia haya. Yeye alishajipa jibu lake siku ile ile ya msiba. Anasema mwanangu asingetoa neno kama hilo bila kuniuliza mimi kwanza. Analisema polepole, kama mtu anayeshika ukuta.

Nisalimie sana wifi, mwambie lile vazi nililomwahidi limebaki kutiwa vifungo. Wabusu watoto wote, na yule mdogo anayefanana na baba mbusu mara mbili. Hapa anakusalimu mama, anakusalimu mchungaji, anakusalimu mwenye duka la vitambaa ambaye huuliza habari zako kila wiki. Na baba mdogo naye nikupe salamu zake, ingawa hakunituma.

Bwana akufunike wewe na nyumba yako, akupe usingizi, na hapo ulipo papate kuwa kwako bila kumwondoa mtu.

Nakuomba unijibu upesi. Ukikosa la kusema, andika ndiyo au hapana tu, nitaelewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vyovyote utakavyojibu.