Jina Lisilotajwa na Shemeji

Kwako binti yangu Sabina, huko Lae.

Pokea salamu za baba yako, na za shangazi yako Namui, na za nyumba yote. Hujambo? Mtoto hajambo, ananyonya vizuri? Mwenzio Kaupa hajambo na kazi yake ya bandarini? Sisi tu wazima, na mimi ni mzima kupita wote. Lile jino lililonisumbua nimeling'oa mwenyewe kwa uzi wa nyavu, wala sikupiga kelele. Shangazi yako atakwambia nilipiga. Usimsikilize.

Usiucheke mwandiko. Kusoma kwangu ni kule kwa padri tu, na padri mwenyewe alisema nina kichwa kuliko wenzangu wote, ila sikai. Ningekaa ningekuwa askofu.

Huku maji yamepanda karibu na sakafu, kuku wanalala nasi jikoni. Ukingo wa makaburini umemegeka tena, tumewahamisha wazee wetu kabla mto haujawachukua. Mwalimu alikwenda mjini kufuata mshahara wake, na mpaka leo anaufuata. Zahanati ilikuwa na mhudumu bila dawa. Sasa dawa zimekuja, mhudumu kaondoka. Watu wa kura walipita na ramani yao, nikaitazama: hapa tulipo wamechora maji matupu. Nikawaambia basi leo mmeongea na samaki. Lakini misago yetu ya unga imekomaa vizuri, na mbu wapo kama ulivyowaacha, wanakuulizia.

Sasa neno lenyewe. Barua yako ililetwa na Paskal kwenye mtumbwi wake, inanuka samaki lakini inasomeka. Umesema mtoto ni wa kiume, na mkweo kule milimani anataka ampe jina lake, nawe umemwomba Kaupa asubiri kwanza, unataka jina la mtoni. Niliposoma hapo nilikwenda nyuma ya nyumba nikatafuna popoo, na macho yakanitoka maji kwa ukali wa chokaa.

Nilijua papo hapo kwamba jina ni hili langu, Wolimbandi. Wolimbandi wa kwanza, babu yetu, ndiye aliyeikanyaga ardhi hii ilipokuwa bado inatikisika kama uji wa sago, na mwenye jina lake ndiye mwenye ziwa na misago ya nyuma ya ziwa. Mimi sina mtoto wa kiume. Nikifa nalo, linakwenda kwa ukoo wa Kandimei, mume wa shangazi yako, na ziwa linalifuata. Na Kandimei amelimezea mate ziwa lile tangu tukiwa vijana.

Nikapiga gogo la mwito, wazee wakakusanyika katika nyumba ya wanaume. Nikasema jina nampa mjukuu wangu wa Lae. Kandimei akasimama, akasema jina halitoki mtoni. Aliongea mpaka mate yakamkauka: jina hilo, jina lile, jina la mwenye ziwa, jina tunalolijua sote. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwuliza, "Jina gani, shemeji? Litaje."

Nyumba nzima ikacheka. Wewe unajua kwamba tangu amuoe dada yangu hawezi kulitamka. Mtu akitamka jina la shemeji yake mdomo unamwoza, na juu yake anatozwa faini ya nguruwe. Miaka yote ananiita Mtu wa Ng'ambo. Hata siku ile mamba aliponijia kwa nyuma, Kandimei alipiga ukelele, Mtu wa Ng'ambo, Mtu wa Ng'ambo, na ng'ambo yetu wako watu wengi, wote wakageuka isipokuwa mimi. Kovu unalijua.

Nikamwambia tena kwamba anayedai jina alitaje. Vijana wakawa wanapiga sakafu kwa miguu. Nikadhani nimemaliza kazi. Lakini Kandimei ni msumbufu, si mjinga. Alikaa, akachovya tambuu yake kwenye chokaa, akasema polepole, "Mtu wa Ng'ambo, na huyo Kaupa atamwitaje mwanawe?"

Kicheko kikakatika. Maana Kaupa ni mkwe wangu, na jina la mkwe pia halitamkwi. Kandimei akaendelea: mtoto anakimbilia barabarani, gari linakuja, baba yake apige ukelele gani? Mtoto asiyeweza kuitwa na baba yake kuja kula, huyo hana jina, ana ugonjwa. Wazee wakaguna. Hata wa upande wangu waliguna.

Najua utasema Kaupa ni mtu wa milimani, miiko yetu haimhusu. Lakini mimi namkumbuka alipokuja kukuoa. Alipanda ngazi yangu matope hadi kifuani, kichwa ameinamisha, na kumbe huko njiani alishawauliza watoto ni kitu gani ambacho mkwe hatakiwi kusema. Tangu siku ile mpaka leo ananiita Mzee tu. Huyo ni mkwe wangu kweli. Siwezi kumgeuza mgeni ili mimi nishinde maneno.

Shangazi yako akanishauri nimpe mtoto jina dogo, la ndege au la samaki, mambo yaishe. Nikamwambia mjukuu wangu si samaki. Nikala chakula chake nikiwa nimenuna.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipowashinda wote. Asubuhi nikapiga gogo tena. Nikawaambia Kandimei amekosea mahali pamoja: anadhani nataka kulitoa jina na kubaki nalo, kama mtu anayemgawia jirani moto na wake ukabaki mekoni. Nikavua manyoya yangu ya kichwani, nikavua meno ya mamba shingoni, nikayaweka chini mbele yao. Nikasema, "Kuanzia sasa Wolimbandi yuko Lae, ananyonya. Mimi siye. Kaupa hana mkwe wa jina hilo, ana mtoto wa jina hilo. Amwite atakavyo, hata kwa hasira."

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo akiwa bado anapiga kasia. Wote waliotangulia walilitoa wakiwa hawawezi tena kukaa. Ndiyo maana nimeandika mwenyewe, Paskal asije akakupa habari nusu ukadhani baba yako anakata roho. Sikati. Ila jina sina.

Kandimei akatema tambuu yake kwanza. Halafu akalisema, taratibu, kama mtu anayeonja kitu cha moto. "Wolimbandi." Akajishika mdomo kuona kama upo. Akarudia. Binti yangu, tumekua pamoja, tumeoga mto mmoja, na sikuwa nakumbuka tena linavyosikika katika kinywa chake. Sasa hachoki kulitaja. Akitega nyavu ni Wolimbandi, akimfukuza mbwa ni Wolimbandi, mpaka shangazi yako amemwambia atalichakaza kabla mwenyewe hajalivaa. Na ziwa analilinda yeye. Juzi amewafukuza wapwa zake mwenyewe, akasema lina mwenyewe, hawamjui?

Wazee waliniuliza sasa waniite nani. Nikarudia lile alilonipa mama utotoni, la chura, kwa kuwa nilikuwa napiga kelele hata nikiwa nimeshiba. Wamecheka sana. Nimewasamehe.

Mtoto akianza kusimama mleteni, nyayo zake ziguse ukingo wa ziwa. Njoo na tumbaku, na miwani ya kusomea, mikubwa. Mpe Kaupa salamu zangu nyingi, umwambie asione haya. Mkikata kona ya mwisho ya mto, kabla hamjafika, amwite mwanawe kwa jina, kwa sauti, tusikie huku. Mimi nitakuwa nimesimama ngazini. Nitajitahidi nisiitike.

Wote wanakusalimu, na Kandimei anamsalimu mtoto kwa jina.

Ni mimi baba yako,
Ngwak