Bibi Alisema Nini

Alex, soma kisha chana. Mwenzako Lyamba, yaani mimi, mtaalamu mkuu wa kurekodi bwenini, amekufa kwa aibu leo saa nne asubuhi. Mazishi yatatangazwa.

Si unakumbuka likizo alitumwa kijijini Mamba na kale karekoda ka Bruda, mlezi wetu, amrekodi bibi wa huyu Evaline tunayesoma naye, maana bibi hawezi kusafiri kuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake? Basi mwenzako akaweka spidi ndogo, ili maneno yote yaenee upande mmoja wa kanda na upande wa pili abaki nao kwa muziki wake. Sauti itafifia kidogo, akajisemea, nani atajua?

Leo wakaiweka kwenye redio kubwa ya bwalo. Ile ina spidi moja tu, ile ya kasi. Alex, bibi wa watu alilia kama kifaranga! Kifaranga! Bwalo zima likaangua kicheko. Na aliyeanza kucheka ni mwenzako.

Evaline hakucheka.

Bruda akaleta karekoda kake. Spidi ikawa sawa, ila bibi alisikika kama anaongea akiwa ndani ya gunia. Evaline akabana sikio kwenye karekoda, akarudisha nyuma, akarudisha tena.

"Hapa ananitaja jina. Halafu anasema nini?"

Akamgeukia mwenzako.

"Lyamba, si ulikuwepo? Bibi alisema nini?"

Alikuwepo, Alex. Alikaa naye mkeka mmoja. Lakini macho yalikuwa kwenye kanda, akipima imebaki kiasi gani.

"Sikuwa namsikiliza," akasema mwenzako. Mbele ya bwalo zima.