Kikombe cha Mtani

Mpendwa mtani,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na wazee wa ukoo, nautangazia umma wa Same, wa tambarare na wa milimani, kwamba kikombe chako cha bati kimetoboka. Kimenimwagia chai ya tangawizi kwenye suruali ya Jumapili.

Najua ungesema nini. "Si umfungulie kesi aliyekitengeneza, Mpare wewe!"

Unakumbuka uliponipa nafasi ya hakimu? Kikundi kizima cha maigizo kilicheka, nami nikacheka nao, maana mwenye kigugumizi kama changu hupewa kuigiza mti, au maiti.

"Nyie Wapare mnapenda kesi kuliko wali," ulisema. "Nimekupa mahakama nzima, bado unalalamika?"

Kisha ukanivuta pembeni, utani ukauweka kando. "Neno likikwama, usilisukume. Nitafute kule nyuma ya ukumbi. Ukiona nakunywa chai, ujue tuna muda."

Nilikuamini nusu. Waongozaji wengine walikuwa wakinimalizia maneno, na mara nyingi walimalizia sivyo.

Siku ya onyesho ukumbi wa parokia ulijaa, upepo wetu ukipiga mabati, mimi ndani ya joho la kwaya. Nikafungua kinywa: "M... m..." Neno "mahakama" likagoma kutoka. Mke wangu, mstari wa mbele, akainamisha kichwa. Nikakutafuta. Ukainua kikombe, ukapuliza, ukanywa taratibu kama uko barazani kwako. Mama mmoja akanong'ona, "Jamani, hakimu huyu ana hasira!" Hapo neno likatoka, zito kuliko nilivyolipanga.

Nyuma ya pazia nikakuomba tone la chai. Ukakigeuza kikombe: kikavu. Chai ilikumwagikia njiani. Ulikuwa ukinywa hewa, mtani, kwa ajili yangu.

Siku hizi vijana wananiita Dairekta, nami nakaa kule nyuma na kikombe chako. Ndiyo maana suruali ikalowa.

Watu bado wanasimulia nilivyonyamaza kwenye msiba wako. Wanasema ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini wewe nikwambie ukweli: nilikwama. Walinisimamisha mimi mtani wako niwachekeshe waombolezaji, kama ilivyo desturi ya watani, nami nikashindwa na neno lenyewe, "mtani". Nikatazama nyuma kwa mazoea. Hukuwepo. Ulikuwa mbele, ndani ya sanduku. Nikataka kukaa.

Ndipo shemeji, mkeo, ambaye akina mama walikuwa wakimbembeleza tangu asubuhi atie chochote kinywani, akainua kikombe, akapuliza, akanywa. Sijui kama uliwahi kumweleza habari zetu, au kiu tu ilimshika. Sijamuuliza.

Nikamsubiri amalize. Neno likatoka.

Lala salama, na huko usimwage chai ya watu.

Mtani wako,
Hakimu