Unga wa Chapati Juu ya Lori la Jeshi

Baba Angela,

Chai iko kwenye chupa. Kuna mkate kabatini, maana chapati hakuna, na sababu unaijua. Nimekwenda bandarini kumpokea baba yako, meli ya Bukoba inaingia asubuhi hii.

Jana nilikanda unga, leo nimekuta bakuli tupu. Kumbe umeukata vipande ukaubandika kwenye kale kalori kako ka jeshi ka plastiki, ufunike mabaka ya rangi ya udongo halafu upulize kijani juu yake! ~~Nimekasirika.~~ Nilikasirika. Nikabandua kipande kimoja kwenye mlango wa lori, kumbe kijani bado mbichi. Sasa pana alama ya kidole gumba changu. Vioo umeviziba kwa selotepu. Mabaka nayo si ungeyaziba kwa hiyo hiyo?

Vipande vilivyobaki usivibandue kwa pupa kama mimi. Subiri rangi ikauke, uanzie pembeni, polepole. Ndiyo, nilikusikia ukimweleza Angela hivyo. Nilijifanya nasinzia.

Mlango usiupake tena leo, utamchafua mzee mikono. Jana kwenye simu aliniuliza, "Mwanangu, ni kweli Projest analipaka rangi lori lake kama lile nililoendesha vitani?" Nikamwambia, "Kweli, baba." Kisha akasema miaka yote hii hakuna mtoto wake aliyewahi kumuuliza lile lori lilikuwaje.

Wewe umeuliza, kwa rangi yako. Akianza kusimulia, usimkatishe kwa utani wako. Mwache amalize.

Mkeo,
Mama Angela