Wifi Kaanua Sidiria Zangu, Jumamosi Naitwa Kikaoni

Shikamoo mshauri. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana ikipita Jumamosi sijui kama nitakuwa bado mke wa mtu, na nakuomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia kwenye sidiria na sasa limefika kwenye ndoa.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kusimama na kuinua mikono kutwa nzima, na wewe ni mwanamke mwenzangu, unajua kinachotokea ukiinua mikono na sidiria haijakukaa: mkanda unapanda mgongoni, matiti yanachungulia kwa chini, na mimi inabidi nijifanye nimefuata kitana kumbe nakwenda nyuma ya mlango kujirekebisha, halafu narudi natabasamu, mteja anauliza "Mbona unahema?" nami nasema joto.

Sasa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ana duka la nguo za ndani, na katika ukoo huu hakuna mwanamke anayethubutu kununua sidiria kwingine. Watu wanamwita Jicho, kwa sababu hapimi mtu kwa futi, anakutazama tu ukiwa bado mlangoni, anavuta boksi, anasema, "Hii yako, nenda." Nilipoolewa alinipa thelathini na nne B. Nikamwambia kwa adabu kwamba inanibana na matiti yanamwagika juu, akasema, "Umenenepa, panda namba," akanipa thelathini na sita B, baadaye thelathini na nane B, na kila nikipanda namba mkanda unazidi kulegea, vikombe bado havinitoshi, na uzito wote unaning'inia mabegani hadi kamba zimenichimbia mifereji unayoweza kulaza kalamu ndani yake, na jioni vidole vinakufa ganzi mpaka kitana kinaniponyoka. Lakini ningesema nini, mshauri? Yeye ndiye aliyemlipia mume wangu chuo cha ufundi baba yao alipofariki, leo mume wangu ni fundi wa mafriji kwa jasho la dada yake, na neno la dada yake ndani ya nyumba yetu halianguki chini.

Siku moja nimemwinamia bibi harusi mtarajiwa, namalizia mstari wa nyuma ya sikio, waya wa sidiria ukatoboa kitambaa ukamchoma shingoni, akaruka kutoka kitini, "We dada, una kisu?" Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaingia stoo nikalia mpaka mafuta ya nywele niliyokuwa nimeyashika yakamwagika. Mteja mwingine akanifuata kimyakimya, akaninong'oneza, "Nenda kwa Bi Sindano. Usimwambie mtu, nenda tu."

Jina lile lilinishtua. Bi Sindano ni fundi cherehani, na zamani yeye na wifi yangu waliendesha duka pamoja. Waligombana kwa sababu Bi Sindano alitaka kila mteja apimwe kwa futi, na wifi akaona anaaibishwa mbele ya watu, kwamba mwenzake anamfanya aonekane tapeli. Tangu waachane, jina hilo halitajwi nyumbani kwetu, na mama mkwe, tunayeishi naye, likitajwa redioni jina linalofanana nalo huwa anapunguza sauti.

Nilikwenda, mshauri. Nilifunga saluni mapema nikakwenda nimejitanda ushungi kama mwizi. Akanipeleka nyuma ya pazia, akazungusha futi chini ya matiti, akaibana, kisha akaipitisha juu yake polepole, wala hakunitazama usoni nisije nikaona haya. Akaniuliza, "Unavaa namba gani?" Nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, wewe ni thelathini na nne E. Mgongo wako ni mdogo, matiti ndiyo makubwa. Huyo aliyekuwa anakupandisha namba alikuwa anakuongezea mgongo usio nao." Akanivalisha, akasema, "Inua mikono kama uko kazini." Nikainua. Haikusogea. Nikabaki nimeinua mikono namna ile, machozi yananitoka, na yeye akaendelea kukusanya pini zake kama hajaona.

Nikanunua mbili. Nikawa nazifua na kuzianika chini ya taulo ili zisionekane, na wiki iliyopita upepo ukachukua taulo. Wifi alikuwa amekuja kumsalimia mama yake, akapita uani, akazianua zote mbili na vibanio vyake, akaingia nazo sebuleni, mume wangu yupo, mama mkwe yupo, akaziweka mezani kando ya vikombe vya chai. "Hizi si za dukani kwangu," akasema. "Nani kakununulia?"

Na hapo, mshauri, ulimi wangu ukaniponza. Nikasema nimezinunua mnadani, pale karibu na kituo cha mabasi. Kesho yake wifi akazunguka mnadani kibanda kwa kibanda, na hakuna anayeuza sidiria za namna ile. Akarudi jioni, hakufoka hata kidogo, afadhali angefoka. Akamwambia mume wangu mbele yangu, "Kaka, nguo inayomkaa mwanamke namna hii haikununuliwa na mtu asiyeujua mwili wake."

Toka siku hiyo mume wangu amehamia kwenye kochi. Chakula anakula, salamu haitikii. Zamani aliniita mke wangu, sasa naitwa bibie. "Nitajie tu jina, bibie, mimi sitapiga mtu." Jina ninalo, ni la mwanamke mwenye futi shingoni, lakini nikilitaja nimemwua wifi, nitakuwa nimetangaza kwamba jicho lake halioni na kwamba nimekwenda kwa adui yake. Nikinyamaza, mimi ni malaya. Mama mkwe amesema maneno machache tu: "Jumamosi baba yenu mdogo anakuja. Utaeleza." Sasa nitaanzaje kutaja sidiria mbele ya baba mdogo, mzee wa watu, ambaye hata nguo zangu kwenye kamba akiziona hugeuza uso?

Nimeirudia ile sidiria ya zamani ili waone nimenyenyekea, na mikono imeanza tena kufa ganzi. Je, niombe radhi kwa kosa nisilolitenda ili yaishe? Nisaidie, mama yangu.

Ni mimi Msusi, mikono juu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifika Jumatano, na ukurasa huu hutoka Jumapili, kwa hiyo sikungoja, nilipiga namba uliyoandika pembeni. Niliyokuambia kwenye simu nayarudia hapa, kwa ruhusa yako, kwa sababu najua mabega mengi yaliyochimbika yatausoma ukurasa huu.

Kwanza pole. Kusimama kutwa nzima na nguo inayokupiga vita ni adhabu, na wewe umeibeba miaka kwa heshima ya ukweni. Lakini heshima haikuagizwa ivaliwe kifuani. Hukukosea kupimwa. Hukukosea kununua. Ulikosea pale mezani, ulipotaja mnada. Wifi yako alikuja na swali tu, wewe ukampa ushahidi. Mumeo hana wivu na kitambaa, mwanangu. Anaumwa kwa sababu alisikia uongo kwa masikio yake, na aliyeusema ni wewe. Mwanamume akishagundua kibanda kimoja ni cha uongo, anaanza kutafuta na vingine. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka umekaribia kuizika ndoa.

Kwa hiyo hapana, usiombe radhi kwa uzinzi ambao hukuufanya. Ukiomba radhi umekiri, na ukishakiri hakuna futi itakayokupima upya. Omba radhi kwa uongo, peke yake, na uombe kwa mumeo, si kwa kikao. Leo hii akirudi kazini, kabla hajavua viatu, mkalishe umwambie: nilikwenda kwa Bi Sindano, nilikwenda kwa sababu naumia, nilidanganya kwa sababu namwogopa dada yako. Usianze kwa kulia. Mwonyeshe mabega yako. Halafu mwambie avae shati mwende, na mfike wote wawili mlangoni kwa huyo mama, amwone kwa macho yake. Jambo hili likifika kwa baba mdogo kabla ya kufika kwa mume, umeshindwa hata ukishinda.

Wifi yako naye ana lake la kusikia. Dada, kama unasoma, na najua utasomewa: ulimlea kaka yako vizuri, hilo hakuna wa kukunyang'anya, lakini hukumlea ili umwoze mashaka. Ulijua nguo ile imekaa vizuri. Ulijua kuliko mtu yeyote sebuleni pale, ndiyo maana iliuma. Ungeweza kuuliza nani kaipima. Ukauliza nani kainunua.

Sasa ninyi wengine mnaochekea pembeni, inueni mikono. Mkanda ukipanda, ni mkubwa. Mkanda ndio unaobeba mzigo. Kamba za mabegani ni wasaidizi tu, na zikikuchimba ujue zinafanya kazi isiyo yao. Upitishe vidole viwili chini ya mkanda, si ngumi. Titi lote liingie ndani ya kikombe, lisimwagike juu wala kwapani, na kile kipande cha katikati kilale kifuani. Namba ya mkanda inapatikana chini ya matiti, herufi inapatikana kwa tofauti ya hapo na pale yalipojaa zaidi, na mwili unabadilika, ukizaa, ukikonda, ukizeeka, kwa hiyo pimwa tena. Jicho ni la kuonea, si la kupimia. Nawe msusi, ile ya zamani itupe, usimpe hata mdogo wako. Na ganzi ya vidole isipoisha baada ya wiki chache, nenda hospitali ukapimwe, usije ukaisingizia sidiria ugonjwa mwingine.

Hayo nilikuambia Alhamisi asubuhi. Jumamosi jioni ukanipigia wewe, na nikamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimekaa.

Ulimwambia mumeo. Akaweka kidole chake kwenye mfereji wa begani, akaupitisha kutoka mbele hadi nyuma, akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Namwogopa dada yako."

"Hata mimi namwogopa," akasema.

Mkaenda. Bi Sindano akawafungulia, akamtazama mumeo, akasema, "Wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa anakuja dukani kuomba vitambaa vya kufungia mpira." Mumeo akainamisha kichwa. Aliporudi nyumbani usiku ule hakwenda kwenye kochi.

Kikaoni alisimama yeye kabla yako. Alimwambia baba yake mdogo kwamba jambo limezungumzwa na wenyewe, kwamba hakuna mwanamume yeyote, na kwamba mke wake alikwenda kupimwa nguo kwa Bi Sindano. Akamgeukia dada yake, akasema, "Dada, nakuheshimu, lakini mke wangu alikuwa anaumia na wewe ukaniambia ananisaliti." Mzee wa watu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaomba chai. Wifi yako hakuomba chai. Alisema, "Leo nimejua nafasi yangu katika nyumba hii," akaubamiza mlango, na mpaka unanipigia hajapokea simu ya mtu. Uliniambia ulilia kwa ajili yake, na mimi nakuamini. Mtu kuambiwa mbele ya mama yake kwamba jina analoitwa mjini si la kweli, si jambo dogo. Usimkimbilie kesho. Mwache hasira zipoe, kisha nenda dukani kwake peke yako, msalimie, nunua hata soksi. Akikufukuza, rudi siku nyingine.

Halafu ukanieleza kilichokufanya unipigie. Ulikuwa jikoni unaosha vikombe, mama mkwe akaingia. Ukajua sasa ndiyo zamu yako. Akaufunga mlango, akaegemeza mgongo, akasikiliza kama kuna mtu kwenye korido. Kisha akaingiza mkono ndani ya gauni, akavuta kamba yake begani kama anayejikuna, uso wake umekunjamana kwa maumivu ya miaka ambayo wewe umeishi naye chumba kwa chumba usiyajue.

"Huyo mwanamke wako," akanong'ona, "siku gani nzuri kumkuta?"

Ukaniuliza ufanyeje.

Mpeleke, mwanangu. Mpeleke Jumatatu, mshike mkono kwenye ngazi za kwa Bi Sindano, na akiingia nyuma ya pazia wewe ubaki nje. Lakini kabla hamjatoka nyumbani, mwambie mumeo mnakokwenda.